Kundi la Nzige Linaongozwa na Nani?

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu wenyewe, ila huenda hatujapata nafasi ya kulikalia kitako na kulichambua.

Swali langu leo ni moja tu. Nitaliuliza sasa, na nitalirudia tukiendelea ili anayefungua redio katikati asiachwe nyuma. Swali ni hili: kundi la nzige linaongozwa na nani?

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Tarehe 28 Desemba 2019 nzige wa jangwani walivuka mpaka na kuingia Kenya upande wa Mandera. Januari 2020 ikawakuta Wajir, Marsabit, Isiolo na Samburu. Kisha wakaja kwetu Meru, wakashuka Tharaka, wakafika Embu upande wa Mbeere. Wataalamu walisema Kenya haikuwa imeona uvamizi wa aina ile kwa miaka 70. Kundi moja kule kaskazini mashariki lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Hebu fikiria umetoka mjini Meru ukielekea Chuka, na safari karibu yote juu yako ni mabawa tu. Mwaka huo huo mwana wa Meru, Peter Munya, alikabidhiwa Wizara ya Kilimo wakati nzige walipokuwa wamekwisha kuingia nchini. Na mwanzoni mwa 2021 makundi yakarudi tena, Meru yakaiona tena.

Walitoka wapi? Hili tulipitie haraka, maana lina umuhimu wake mbele. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga mvua katika jangwa kubwa la Bara Arabu, mahali Oman, Yemeni na Saudia zinapokaribiana. Mchanga ukaota majani. Nzige wakazaliana kizazi baada ya kizazi mahali pasipo na barabara wala mkulima wa kupiga ripoti. Kutoka hapo wakaenda Yemeni, wakavuka bahari hadi Somalia na Ethiopia, na hatimaye wakabisha hodi kwetu.

Nasi tulifanya nini? Tulipiga madebe, sufuria na filimbi, tukakimbia shambani tukipiga kelele, tukawasha moto ili moshi uwafukuze. Watoto hawakwenda shule siku hizo. Nzige wakainuka, naam, wakatua kwenye shamba la jirani. Jirani naye akachukua debe lake. Siku nzima tukawa tunasukumiana janga lile lile kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Simlaumu aliyepiga debe. Mtu anayeona mtama wake ukiliwa hawezi kukaa akimwangalia mdudu. Nzige mmoja ana uzito wa gramu 2 hivi na kwa siku anaweza kula chakula cha uzito wake. Ni kitu kidogo. Lakini kundi lililotanda kilomita moja tu ya mraba lina nzige wapatao milioni 40, na kwa siku moja hula chakula kinachoweza kutosha watu 35,000. Nani angekaa kimya?

Sasa turudi kwenye swali letu. Kundi hilo lote linainuka pamoja, linapinda pamoja, linatua pamoja. Linaongozwa na nani?

Wapo wanaosema lazima mbele kuwe na mkubwa wao, na kwamba ukimpata huyo ukamuua, wengine watatawanyika. Nawaelewa wanaosema hivyo. Sisi wa huku ni watu wa mizinga, kuanzia Tharaka hadi Mbeere, na tunajua nyuki wana malkia. Ila hata kwa nyuki jambo haliko hivyo. Nyuki wanapohama, malkia hachagui waende wapi. Wapelelezi wachache hutangulia kutafuta pango au tundu la mti, wakarudi na habari, na kundi likafuata. Malkia anachukuliwa tu. Basi ikiwa wenye malkia hawaongozwi na malkia, itakuwaje kwa nzige wasio na malkia, wasio na wapelelezi, wasio na mkubwa wala mdogo?

Jibu ni kwamba hakuna anayewaongoza. Narudia, msikilizaji, kwa sababu ni jambo gumu kulikubali: kundi la nzige halina kiongozi. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua wanakwenda wapi. Na bado wanakwenda.

Linawezekanaje? Mwaka 1995 mwanafizikia wa Hungaria aitwaye Tamás Vicsek, pamoja na wenzake, alichapisha makala fupi kuhusu jambo hili. Hakuwa na nzige. Alikuwa na kompyuta, na ndani yake vitone. Kila kitone kinatembea chenyewe bila kusukumwa, mwendo wa vyote ukiwa sawa. Kila kitone kimepewa sheria moja tu: waangalie walio karibu nawe, ona kwa wastani wanaelekea wapi, nawe elekea huko. Kisha akaongeza jambo moja la kweli kabisa katika maisha, yaani makosa. Kila kitone kinakosea kidogo katika kufuata. Wanafizikia huviita vitu vya namna hii chembe zinazojisukuma zenyewe.

Vitone vikiwa vichache vimetawanyika, kila kimoja kinakwenda njia yake. Ukiongeza idadi, ukapunguza makosa, inafika mahali ambapo ghafla vyote vinaelekea upande mmoja. Upande gani? Wowote. Hakuna aliyeuchagua. Kesho ukianza upya vitakwenda upande mwingine, na bado vyote kwa pamoja.

Tuache kompyuta, twende sokoni Gakoromone. Siku watu ni wachache, unakatiza utakavyo: unatoka kwenye ndizi, unavuka moja kwa moja hadi kwenye maharagwe, hakuna anayekuzuia. Njoo siku soko limefurika. Umeinua mguu na tayari uko nyuma ya mama mwenye gunia, naye yuko nyuma ya kijana mwenye mkokoteni, na kabla hujajua mmefanya mkondo mmoja unaoelekea chini, na kando yenu mkondo mwingine unapanda. Nani aliamuru? Askari wa kaunti? Hapana. Kila mtu aliangalia wale walio karibu naye tu, na njia ikajitengeneza. Ushike mfano huu, nitaurudia baadaye, maana una jambo ambalo Vicsek hakuliona.

Hesabu ya kompyuta ni hesabu. Je, nzige wenyewe wanasemaje? Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Jérôme Buhl waliwachukua tunutu, yaani nzige wachanga ambao bado hawajaota mabawa na hutembea kwa miguu, wakawaweka ndani ya uwanja wa duara, kama njia inayozunguka isiyo na mwisho, kisha kamera ikawafuata kwa saa nyingi. Walipokuwa wachache, kila mmoja alizurura kivyake. Walipofika kati ya 10 na 25 hivi, walianza kuandamana, wakazunguka upande mmoja kwa muda, halafu ghafla kundi zima likageuka na kurudi lilikotoka. Walipozidi 30 hivi, walizunguka upande mmoja saa baada ya saa bila kugeuka. Ilikuwa kama vitone vya Vicsek vimeota miguu. Miongoni mwa watafiti wale alikuwapo mmoja aitwaye Iain Couzin. Likumbukeni jina hilo, tutakutana naye tena.

Utauliza: lakini kwa nini watembee kabisa? Mbona wasikae tu wale? Hapa kuna jambo la kutisha kidogo, na aliye na mtoto mdogo karibu anivumilie. Nzige wenye njaa hulana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba tunutu anayeandamana anakimbia meno yaliyo nyuma yake, huku yeye mwenyewe akimfuata aliye mbele ili amuume. Walipokatwa mshipa wa fahamu wa tumboni, wasiweze kuhisi wakiumwa kwa nyuma, waliacha kutembea sana, na wengi zaidi wakaliwa. Kusimama ni hatari. Kwa hiyo yale maandamano tunayoyaona kuwa ya umoja mkubwa, ndani yake kila mmoja anamkimbia mwenzake.

Na si kwamba nzige huzaliwa hivyo. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mkulima wa Igembe, Buuri na Mbeere alijue. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mtaalamu wa wadudu, alieleza kwamba nzige wa makundi na yule panzi mpweke aliyedhaniwa kuwa wa jamii nyingine ni mdudu mmoja mwenye tabia mbili. Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni mwenye haya. Anajificha kwa rangi yake, anawaepuka wenzake, na huruka usiku. Unaweza kumpita asubuhi yote usimwone. Kisha mvua inanyesha, wanazaliana, majani yanaanza kukauka, na wote wanajikuta wamebanwa kwenye vijani vichache vilivyobaki. Wanagusana. Miguu ya nyuma inasuguana. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford na Cambridge walionyesha kwamba kugusana huko kunapandisha mwilini kemikali iitwayo serotonini, ambayo hata sisi binadamu tunayo, na kwa saa chache tu yule aliyekuwa akiwakimbia wenzake anaanza kuwafuata. Saa chache, msikilizaji. Rangi hubadilika polepole, na tunutu waliokuwa kijani huwa weusi na manjano, lakini mioyo yao imekwisha kubadilika siku ile ile.

Kwa hiyo kundi halianzi angani. Linaanza chini, kwenye kijani kidogo, pale wachache wanapobanana.

Tunutu wanatembea. Wakubwa wanaruka. Je, huko juu nako hakuna kiongozi? Miaka ya 1950 Mwingereza Reginald Rainey alifuatilia makundi ya nzige katika Afrika Mashariki, na alichokikuta ni tofauti na tunavyodhani tukiwa chini tumeinua vichwa. Ndani ya kundi linaloruka, nzige hawaangalii upande mmoja. Kikundi hiki kinaelekea mashariki, kile kinaelekea kusini, kingine kinarudi nyuma. Sasa mbona kundi halipasuki? Kwa sababu walio ukingoni, wakifika mahali ambapo mbele yao hakuna wenzao, hugeuka na kurudi ndani. Macho ya walio pembeni ndiyo yanayofunga kundi. Na njia je? Njia inachaguliwa na upepo. Upepo unalibeba kundi zima hadi mahali pepo zinapokutana, na pepo zinapokutana ndipo mvua hunyesha, na mvua inaponyesha majani huota. Sasa unaona kwa nini Januari, upepo unapovuma kutoka kaskazini mashariki, wanatujia kutoka Isiolo. Na unaona kwa nini hawana haraka asubuhi: mwili ukiwa na baridi hawaruki, wanaota jua kwanza. Baridi ya mlima wetu inawasumbua. Nyanda za chini zenye joto ndizo wanazozipenda.

Nipumzike kidogo kwa nzige, niwazungumzie ndege, maana nawasikia wakulima wa mtama na mawele kule Tharaka na Mbeere wakisema, na kwelea je? Kwelea kwelea, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, anadhaniwa kuwa ndege wa mwituni mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Mtoto aliyewahi kukaa juu ya jukwaa shambani na kombeo mkononi anajua kundi lao linavyopinda. Hakuna kelele, hakuna amri, wote wamegeuka. Huko Roma, Italia, watafiti waliwapiga picha ndege wengine wanaoruka makundi juu ya mji wakati wa jioni, wakapima kila ndege alipo. Mwaka 2008 walitoa jibu: kila ndege anawafuata majirani zake sita au saba tu, wawe karibu au mbali kidogo. Mmoja wa wataalamu waliofanya kazi hiyo, Giorgio Parisi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. Ndege sita au saba, na kundi la maelfu linashikamana. Ya kwelea yanahitaji siku yake, tutaipanga.

Sasa turudi kwa nzige, na kwa yule Iain Couzin niliyewaomba mkumbuke jina lake. Mwaka 2020, wakati sisi tunapiga madebe, timu ya watafiti kutoka Konstanz, Ujerumani, ambamo Couzin ni mmoja wa wakuu, ilikuja Kenya kuwafuata tunutu wakiandamana mahali pao halisi, si kwenye uwanja wa duara. Walirudi na maswali, wakayaendeleza maabarani. Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la Science, mwandishi wa kwanza akiwa Sercan Sayin. Nayo yanapinga jambo ambalo dunia ilikuwa imelikubali kwa miaka, na ambalo Couzin mwenyewe alikuwa amelisaidia kukubalika mwaka 2006.

Walifanya nini? Walimweka nzige mmoja hai katikati ya picha za kompyuta zinazomzunguka pande zote, akawa anaona nzige wengine wakitembea ambao kwa kweli hawapo. Kisha wakamwekea vikundi viwili, kimoja kulia, kingine kushoto, vyote vikielekea upande mmoja. Je, kwa sheria ya Vicsek angefanya nini? Majirani wote wanaelekea huko, basi wastani ni huko, naye angekwenda huko huko, katikati yao, sambamba nao. Ndivyo vitone vingefanya.

Nzige hakufanya hivyo. Aligeuka, akakiendea kikundi kimoja. Ama cha kulia, ama cha kushoto. Hakuwa akinakili mwelekeo wa majirani. Alikuwa akiwaangalia walipo, akachagua mmoja wa kumfuata.

Turudi Gakoromone, kama nilivyoahidi. Ulipokuwa katika ule msongamano, je, ulipiga hesabu ya mabega ya watu kumi waliokuzunguka ukapata wastani? Hapana. Macho yako yalimwona yule mama mwenye gunia, ukaamua kumfuata yeye, kwa sababu yuko mbele na njia iko wazi nyuma yake. Ukapoteza huyo, ukashika mwingine. Mkondo ulitokea kwa kuchagua kwako, na kwa kuchagua kwa kila mmoja. Nzige naye, pamoja na udogo wa ubongo wake, anapima ndani ya kichwa chake: huyu au yule? Kisha anakata shauri. Kwa maneno mengine, yeye si chembe inayosukumwa na wenzake. Ni kiumbe anayeona na kuamua.

Je, yale ya kugusana na kubadilika tabia yamefutwa? La. Msongamano bado ndio unaomfanya mpweke kuwa wa kundi. Kilichobadilika ni maelezo ya jinsi maandamano yanavyoshika mwelekeo mmoja: si kwa kunakili wastani wa majirani, ni kwa kila mmoja kuamua amwendee nani.

Mimi habari hii ilinigusa sana, na sioni haya kusema hivyo. Nzige wale wale waliokula malisho ya Isiolo na mtama wa watu wetu ndio waliofundisha dunia jambo jipya. Na nilisikitika pia. Kundi lilikuwa mlangoni petu. Tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, tuna Chuo Kikuu cha Embu, tuna Chuka katikati. Natamani uvamizi mwingine ukija, vijana wetu wenyewe wawe wa kwanza kufika kwenye mchanga wakiwa na kamera na daftari.

Wala si kwamba Kenya haina historia katika kazi hii. Pale Kasarani, Nairobi, kuna kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mwanakemia wa kituo hicho, Profesa Ahmed Hassanali, pamoja na wenzake waliokuwa wakifanya majaribio Sudan, waligundua kwamba harufu moja inayotolewa na nzige dume waliokomaa ina athari ya ajabu kwa tunutu. Tunutu wakiinusa, kundi linavurugika. Wanaacha kuandamana, wanatawanyika, ndege wanawala kwa urahisi, na tunutu wenyewe wanalana wao kwa wao. Nimesema mwanzoni kwamba kundi halina kiongozi wa kuua. Hassanali na wenzake hawakumtafuta kiongozi. Waliushambulia ule umoja wenyewe. Tangu nisome habari hiyo naamini hapo ndipo fedha za utafiti zinapostahili kwenda, kuliko kusubiri tena ndege za kumwaga dawa.

Sasa wewe mkulima wa Mutuati, wewe wa Kiritiri, utaniuliza: haya yote yananisaidia nini siku nikiwaona?

Yanakusaidia hivi. Kwanza angalia rangi. Nzige wakubwa wenye rangi ya waridi ni vijana bado: wana njaa, wanaruka mbali, ila hawajawa tayari kutaga. Wakiwa wa manjano wamekomaa, na sasa wanatafuta mahali pa mayai. Kundi la manjano likitua kwako, hata kama halikula sana, usifurahi likiondoka. Angalia chini. Jike huchimba kwenye udongo wa mchanga wenye unyevu, sentimita 10 hadi 15 kwenda chini, akaacha fungu la mayai 80 hivi. Kwenye joto la nyanda zetu za chini, wiki mbili hivi baadaye wanatoka tunutu. Na kuanzia hapo una wiki tano au sita ambazo adui yako hana mabawa. Narudia hapo: wiki tano au sita anatembea kwa miguu, hawezi kuvuka mto Tana kwa upepo, hawezi kulala kwako akaamkia Kitui. Baada ya hapo ameruka, na sheria yake ni upepo.

Kwa hiyo ukiona tunutu wanaandamana, usitoke na debe. Debe litawasukuma kwa jirani, tena sasa tunajua kwamba aliyetawanywa akiona wenzake mbele atawaendea. Chukua simu. Mpigie afisa wa kilimo wa wadi yako, au chifu, umweleze ni wapi hasa, ni wa rangi gani, eneo lao lina ukubwa gani, wanaelekea upande gani, na uliwaona saa ngapi. Wakati wa uvamizi ule, simu za wananchi kama wewe ndizo zilizosaidia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishirikiana na kampuni ya 51 Degrees ya hapa nchini kuzipokea habari hizo, kuzihakikisha, na kuzituma ndege alfajiri mahali makundi yalipolala, kabla jua halijayapasha moto. Habari iliyofika jioni ilikuwa na thamani. Habari iliyofika kesho yake saa nne, kundi lilikuwa limekwisha kuondoka.

Na wenye mizinga, hili ni lenu. Dawa inayomuua nzige humuua nyuki pia. Ukisikia kwamba eneo lako litapuliziwa, uliza mapema ni lini na dawa gani, na umwambie afisa mizinga yako iko wapi. Usione aibu kuuliza. Wapo wataalamu wanaotumia kuvu iitwayo Metarhizium, inayowaua nzige na jamii yao bila kuwagusa nyuki. Inaua polepole, inachukua siku kadhaa, kwa hiyo inafaa zaidi kwa tunutu kuliko kwa kundi linaloruka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi wakiwa bado chini.

Maswali yenu kuhusu habari ya leo yatumeni kama kawaida, nitayajibu tutakapofungua kipindi kijacho, kisha tutaingia kwa kwelea na mtama wa Mbeere. Walio na wazee nyumbani waliokumbana na nzige wa enzi za mkoloni, waulizeni waliona rangi gani na walitoka upande gani, mniletee majibu.